Ukitaka Kwenda Namponda, Uliza Mwezi Kwanza

Kila likizo napokea wageni kutoka Dar, na swali ni lilelile: "Dada, Jumamosi twende kisiwani?" Nami huuliza, mwezi una siku ngapi? Wanadhani natania.

Namponda ni kisiwa kidogo kwenye Ghuba ya Mnazi, huku Mtwara, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huwa bamvua, yaani maji hujaa sana na kutoka sana, na huku kwetu maji hukupwa kabisa mida ya saa nne, saa tano asubuhi, wakati uleule wageni wanapotaka kuogelea. Mwaka mmoja nilikaidi. Nahodha alikohoa tu, akaona hela nimeshatoa. Boti ikakaa juu ya mchanga, imeinamia ubavu, nasi tukajibanza chini ya turubai na watoto, shemeji akihesabu kaa kwa hasira, mpaka maji yalipotufuata alasiri.

Tangu siku hiyo nachagua maji mafu, yaani yasiyojaa wala kutoka sana, mwezi ukiwa nusu. Hapo asubuhi maji yamejaa, mkondo mpole, na matumbawe unayaona vizuri.

Majira nayo yana neno. Mimi napenda Oktoba na Novemba, upepo wa kusi umechoka na wa kaskazi haujashika. Mvua zikikolea, mto Ruvuma unashusha tope baharini, na hata miwani ya bei gani haitakuonyesha samaki.

Kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati, kijiji tunakopandia boti, ni kama kilomita 45, mnapita Madimba. Ondokeni alfajiri. Kiingilio cha hifadhi lipeni na mchukue risiti. Boti msikodi kwa simu. Nendeni ufukweni mkaione. Mimi huchungulia ndani kwanza: nikikuta kijana anakumba maji kwa kopo kabla hata hatujapanda, naaga kwa heshima. Jaketi okozi zihesabiwe, moja kwa kila kichwa, na za watoto ziwe za watoto. Nauli natoa nusu, nusu nyingine tukirudi salama.

Miwani ya maji na mpira wa kupumulia njoo navyo kutoka kwako. Ivae miwani bila mkanda, vuta hewa puani. Ikiganda usoni ni yako, ikianguka mwachie muuzaji. Kandambili hazifai, vaa raba kuukuu, na kwenye maji ya magotini buruza miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akusikie aondoke. Anayezamia kwa mtungi wa hewa asipange ndege ya kurudi Dar siku hiyohiyo. Asubiri saa 18 au zaidi.

Matumbawe usiyakanyage, hata kama umechoka. Pwani hii ililipuliwa sana na wavuvi wa baruti, na palipopigwa utapajua: vipande vya kijivu kama kifusi cha nyumba iliyobomolewa, samaki hakuna. Ukisogea mbele kidogo, pale pazima, rangi zinarudi zote.

Chakula beba. Maji ya kunywa lita tatu kwa mtu, wali, samaki wa kukaanga, na ming'oko, mizizi ya porini ya huku kwetu, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, ambayo wageni huibeza asubuhi na kuigombania mchana. Dada zangu, khanga mbili mbili; tunapita kijijini kwa watu.

Saa nane, hata watoto wakilia, pandeni boti. Maji yameshaanza kushuka.