Kupiga Lipu ya Chokaa kwenye Nyumba za Mji Mkongwe

Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Unyevu unaoingia hutoka nje kupitia lipu ya chokaa. Ukizifunika kwa saruji, maji hukwama ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na udongo hulainika huku nje ukuta ukionekana mzima. Ndiyo maana tunasisitiza: saruji isiguse ukuta wa zamani, hata kwenye ufa mdogo.

Kabla ya kugusa upande wa nje, nendeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mkaulizie kibali. Kisha wakae majirani wanaochangia ukuta, maana maji mara nyingi hutoka kwenye bati au mlizamu wa nyumba ya pili. Yasipozibwa huko, chokaa yote itapotea bure. Mche wa mtini ulioota ufani ukateni. Wenye mizizi minene msiung'oe, utatoka na mawe.

Chokaa ya mawe, yaani iliyochomwa na bado haijatiwa maji, izimwe kwenye pipa: maji kwanza, chokaa kidogo kidogo juu yake. Ukimwagia maji chokaa, hulipuka na kuunguza macho, hivyo miwani na glavu ni lazima. Rojo litulie mwezi mzima chini ya maji.

Changanya rojo ndoo 1 na mchanga ndoo 3. Mchanga uwe wa kuchimbwa, umechekechwa. Wa pwani una chumvi. Usiongeze maji ovyo, lipu itapasuka. Bandua saruji ya zamani taratibu kwa patasi, safisha vumbi, lowesha ukuta. Mashimo makubwa yajazwe vijiwe na chokaa. Piga tabaka la sentimita 1, likwaruze, lifunike magunia mabichi na kulinyunyizia asubuhi na jioni kwa wiki moja kabla ya tabaka la pili. Chokaa hukomaa kwa hewa, polepole. Jua kali huikausha kabla haijashika, na mvua ya masika huiosha. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndiyo wakati wake.

Malizia kwa chokaa nyepesi kama maziwa, ukipaka mara 4 au 5. Rangi ya plastiki hufunga ukuta kama saruji.

Masika ya kwanza yakipita, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama pana uwazi ndani, lipu imeachana na jiwe: bandua hapo tu, upige upya.