Mtihani wa ushindani wa ajira serikalini: anza na tangazo
Mtihani wa ushindani wa kuingia katika utumishi wa umma haufanani na mtihani wa shule, kwa sababu kupata alama ya kufaulu peke yake hakukuhakikishii kazi: watahiniwa hupangwa kwa mfuatano wa alama, na huchukuliwa wale wa juu kulingana na idadi ya nafasi zilizotangazwa. Kwa hiyo lisome tangazo lote kabla hujafungua kitabu, ujue ni hatua ipi inayochuja tu na ni ipi ambayo alama zake huingia katika matokeo ya mwisho.

Angalia hasa kanuni ya kukata alama, ambayo wengi huipuuza na kuumia bure. Swali likiwa na machaguo manne, jibu sahihi likapewa alama 1 na kosa likakatwa theluthi moja ya alama, kubahatisha bila kujua lolote hakuongezi kitu kwa wastani. Lakini ukiweza kuondoa kwa uhakika hata chaguo moja, kujibu kunakufaa kuliko kuacha wazi. Mahali ambapo kosa halikatwi alama, usiache swali lolote bila jibu.