Somo: Mirathi ya Mwislamu Malindi, hatua kwa hatua

Assalaam alaykum. Talaka tumeimaliza, leo tuingie mirathi. Ugomvi mwingi ninaousikia hapa mjini hauhusu mafungu, maana hayo yametajwa wazi katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12. Watu hugombana kwa kuwa wameanza kugawa kabla ya kujua kipi kilikuwa cha marehemu na kipi si chake.

Hatua ya 1. Karatasi. Chukueni cheti cha kifo, kisha barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Nasema wote, hata mke mdogo ambaye nyumba kubwa haitaki kumsikia. Mkimficha, atatokea mahakamani na kesi ianze upya.

Hatua ya 2. Kutenga mali. Hapa msiwe na pupa. Nyumba nyingi za Malindi ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za marehemu, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi. Kinachorithiwa ni jengo tu, kwa hiyo tafuteni risiti za kodi ya kiwanja kabla hamjaita mnunuzi. Kisha muulizeni mjane: cherehani ni ya nani? Friji? Dhahabu? Alichonunua kwa biashara yake ya mahamri au alichopewa kama mahari ni chake, hakiingii kwenye mirathi hata kidogo.

Hatua ya 3. Gharama za mazishi, halafu madeni. Mahari ambayo hayakulipwa ni deni kama deni la dukani. Baada ya hapo ndipo wasia, usiozidi theluthi, na usiwe kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie.

Hatua ya 4. Mafungu. Tuseme mali yote ni shilingi 2,650,000. Mazishi 50,000, deni la duka 120,000, mahari 80,000, na wasia hakuna. Zimebaki 2,400,000. Ameacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, baba alishatangulia. Mke thumni, yaani moja kati ya nane, 300,000. Mama sudusi, yaani moja kati ya sita, 400,000. Zinazobaki 1,700,000 ni za watoto: kijana 850,000, kila binti 425,000.

Hatua ya 5. Mahakama ya Kadhi. Bila amri ya mahakama, ofisi ya ardhi haitabadilisha jina kwenye hati.

MASWALI

Mwanachama wa Maweni: Mwalimu, dada yangu alipewa talaka moja, mume akafa eda, ule muda wa mke kungoja, haijesha. Wakwe wanasema hana chake.
Jibu: Anarithi. Talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, haimtoi kwenye ndoa mpaka eda iishe. Tena anaanza eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Zingekuwa talaka tatu, wakwe wangekuwa na la kusema.

Mwanachama wa Shela: Baba alitamka mbele ya wazee kwamba nyumba ni ya binti yake, lakini kodi ya wapangaji aliendelea kuipokea mwenyewe hadi kufa.
Jibu: Pole bi, hiyo hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, haikutimia. Kwa sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, lazima umkabidhi mtu mali ungali hai. Nyumba inarudi kwenye mirathi, labda ndugu wamwachie kwa radhi zao.

Mwanachama wa Barani: Mke wa marehemu kaka ni Mkristo.
Jibu: Kwa sheria ya Kiislamu harithi, ila angeweza kuusiwa ndani ya theluthi. Madai yake ya mali aliyochuma mwenyewe hayaguswi. Kumbuka pia kwamba Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa Kadhi mamlaka pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali mahakama yake.

Mwanachama wa Muyeye: Na ndugu mmoja Mwislamu akikataa kwenda kwa Kadhi?
Jibu: Kesi itakwenda Mahakama Kuu. Asidhani huko atapata hesabu nyingine: kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi kinaacha mirathi ya Mwislamu ifuate sheria ya Kiislamu. Atakachoongeza ni gharama za wakili.