Kishikizo kigumu au laini? Namna ya kulinusuru jino la nguzo

Natengeneza meno bandia Mombasa, na kauli inayoniuma kuliko zote ni hii: "Fundi, lile jino langu zima nalo lalegea." Mara nyingi ni jino la nguzo, yaani jino la mwisho lililobebeshwa kishikizo (kipande kinachoyashikilia meno bandia kwenye jino zima), na nyuma yake hamna kitu. Mwongozo huu ni wa mdomo wa namna hiyo.

Hatua ya 1: Pima fizi kwanza

Jino likitafuniwa huzama kidogo mno, fizi huzama mara kadhaa zaidi. Mgonjwa akitafuna muhogo wa kukaanga, tandiko, yaani sehemu ya meno bandia inayokalia fizi, hushuka nyuma. Kishikizo kisichocheza hapo hugeuka mtaimbo. Ukitaka kung'oa mti uliochomekwa mchangani wautikisa huku na huku. Jino nalo hulegea vivyo hivyo. Basi muulize daktari: fizi ni ngumu, au yabonyea?

Hatua ya 2: Jua ugumu wa kila malighafi

Chuma cha kobalti-kromu kina ugumu wa takriban gigapaskali 200 (kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kupinda). Titani ni kama nusu yake. Plastiki za asetali na PEEK ziko kwenye 3 au 4 tu.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Kishikizo laini hupinda, jino likapumua, lakini ule mzigo haupotei: huenda kwenye fizi na mfupa ulio chini yake. Nimepokea meno ya nailoni tupu, yasiyo na hata kikalio kimoja (kijiguu kinachoegemea juu ya jino zima ili meno bandia yasizame), yamezama mpaka fizi imevimba. Ulaini peke yake si tiba.

Hatua ya 3: Ukitumia kibanio

Kibanio ni kishikizo chenye mkono unaolikumbatia jino. Ncha yake ya kobalti-kromu iingie kwenye mbonyeo ulio chini ya tumbo la jino, yaani chini ya sehemu yake pana zaidi, kwa kina cha milimita 0.25, isizidi. Waya uliofuliwa waweza kufika 0.5. Asetali pia, ila mkono wake uwe mnene zaidi.

Kabla ya kubadili malighafi, tazama urefu. Kwa unene uleule na nguvu ileile, mkono ukirefuka mara mbili hupinda mara nane. Kibanio kifupi cha chuma kwenye jino dogo sikipendi kabisa.

Hatua ya 4: Ukitumia kishikizo cha dume na jike

Hiki ni kishikizo cha vipande viwili vinavyochomekana, kimoja kwenye jino, kingine kwenye meno bandia. Nyumba, yaani jike, iwe ya chuma, ndani mwake kipande cha nailoni. Anza na kilicho laini kabisa kinachoyashika meno yasidondoke. Kila mtengenezaji ana rangi zake, kwa hiyo soma karatasi yake. Mkielewana na daktari, unganisheni krauni (vifuniko) za meno mawili ya jirani ili mzigo wagawane.

Hatua ya 5: Tanua tandiko

Taya la chini, lifike mpaka kile kinundu cha fizi nyuma ya gego la mwisho. Tandiko pana huusambaza mzigo.

Hatua ya 6: Anaporudi

Nailoni huchakaa, na atakuja akilalamika kuwa meno yanacheza. Usikimbilie kuibadilisha. Kwanza daktari abonyeze nyuma ya tandiko kwa kidole. Mbele ikiinuka, mfupa umepungua na tandiko halikalii fizi tena. Lijaze upya chini yake, ndipo utie nailoni mpya.