Baada ya baipasi ya moyo: kuilinda mishipa mipya ukiwa Tanga

Baipasi, yaani upasuaji wa kuunganisha mishipa mipya kwenye moyo, haiondoi ugonjwa. Inaipitisha damu njia nyingine pale mshipa ulipoziba, na mafuta yaliyouziba mshipa wa kwanza yanaweza kuuziba na huo mpya. Mshipa wa ndani ya kifua unaounganishwa mbele ya moyo hudumu: baada ya miaka 10, takribani 9 kati ya 10 huwa bado wazi. Mishipa inayochukuliwa mguuni haikuumbwa kwa presha kubwa ya moyo, na katika muda huohuo karibu nusu huziba. Kwa hiyo aliyekuwa akibanwa na anjaina (maumivu ya kifua moyo unapokosa damu ya kutosha) hata amekaa, asiache dawa kwa kuwa kifua kimetulia. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Aspirini ni ya maisha, kwa kawaida mg 75 hadi 100 kwa siku, pamoja na atorvastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, mg 40 au 80. Mgongo ukiuma usinunue diklofenaki wala ibuprofeni, zinauweka moyo hatarini, meza panadol.

Mfupa wa kifua uliokatwa wakati wa upasuaji huunga kwa wiki 12 hivi. Wiki 6 za mwanzo usinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Usikune nazi pia, maana kule kusukuma juu ya mbuzi kunauvuta mfupa. Na baiskeli, ingawa Tanga ndio usafiri wetu, isubiri miezi 3: ukiangukia usukani, mfupa unaachia. Ukikohoa, kumbatia mto. Kifua kikilia kama kinasagana, kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Anza kutembea dakika 5 mara mbili kwa siku, ongeza kidogokidogo hadi 30. Ufukweni Raskazone asubuhi panafaa, jua halijakali. Ukishindwa kuongea huku unatembea, punguza mwendo.

Wali upikwe kwa tui jepesi, tena si kila siku. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ya ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi).

Kifua kikibana tena, kaa chini, weka kidonge cha nitrogliserini (GTN), dawa ya kutanua mishipa, chini ya ulimi. Dakika 5 zikipita hakijaachia, upelekwe hospitali, usiendeshe mwenyewe. Ila kama umetumia dawa ya nguvu za kiume ndani ya siku 2, kidonge hicho usikiweke, kinaweza kuiangusha presha ghafla: nenda hospitali moja kwa moja na umwambie daktari bila aibu. Beba na karatasi ya upasuaji inayoonyesha ni mishipa mingapi iliyounganishwa, na wapi.