Usinunue jiko la gesi la kuchomea nyama kabla hujalichungulia tumboni

Kazi yangu ni kutengeneza majiko ya gesi, yale makubwa yenye mfuniko ya kuchomea nyama uani. Kwa hiyo mimi huwa sikutani na jiko likiwa jipya. Nalikuta lina miaka mitatu, limetoboka kwa chini, vichomeo viwili haviwaki, na mwenyewe kasimama pembeni akinong'ona: "Fundi, na lilivyokuwa ghali!" Nimefungua mengi, na nimeona kwamba hayafii popote tu. Yanafia sehemu zilezile nne au tano, na karibu zote ziko chini ya wavu, mahali ambapo mnunuzi haangalii. Ndiyo maana ninapoombwa kumsindikiza mtu dukani, naanzia pale jiko litakapofia.

Beba tepu ya kupimia, sumaku ndogo (hata ya kwenye mlango wa friji inatosha), tochi ya simu na kalamu.

Hatua ya 1: Hesabu watu wa siku ya kawaida

Usinunue jiko la siku ya sherehe. Sherehe ni mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote utakuwa unapasha chuma kitupu. Jiulize kwa kawaida unapikia wangapi. Kwa watu wanne hadi sita, wavu wa sentimita 60 kwa 45 hivi unatosha, na unabaki na nafasi ya kusogezea.

Hiyo nafasi ya kusogezea ndiyo inayoamua idadi ya vichomeo. Paja la kuku lenye mfupa likikaa juu ya moto mkali litaungua ngozi kabla halijaiva ndani. Unalibabua upande wenye moto, halafu unalihamishia upande uliozimwa, unafunika, linaivia taratibu kwa joto la pembeni. Kichomeo kimoja hakikupi nafasi hiyo. Viwili vinakupa kwa shida. Vitatu kwangu ndivyo kipimo kizuri, na kila kinachozidi hapo nakihesabu kama kitu kingine cha kuja kuoza.

Hatua ya 2: Pima wavu mwenyewe

Eneo lililoandikwa kwenye boksi mara nyingi limejumlisha na kile kirafu cha juu cha kuwekea chakula kisipoe. Hicho hakichomi nyama. Pima wavu wa chini peke yake, urefu mara upana, andika.

Hatua ya 3: Gawanya moto kwa eneo

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Muuzaji atakutajia BTU nyingi kana kwamba anakutajia nguvu za farasi. Namba hiyo inasema jiko linakula gesi kiasi gani kwa saa. Haisemi nyama yako itapata joto kiasi gani. Jiko kubwa lenye mfuniko mwepesi linaweza kula gesi nyingi na bado likachoma kivivu.

Chukua moto wa vichomeo vikuu tu, vile vilivyo chini ya wavu. Toa kichomeo cha pembeni cha kuwekea sufuria, toa na cha nyuma cha kuzungushia kuku. Kama namba iko kwa BTU, igawanye kwa 3,412 upate kilowati. Geuza kilowati kuwa wati, kisha gawanya kwa eneo la wavu kwa sentimita za mraba.

Mfano ni wa shemeji yangu, aliyenipigia simu akiwa dukani mbele ya majiko mawili. La kwanza lilikuwa na vichomeo vitatu, kilowati 10.5, wavu wa 60 kwa 45, yaani sentimita za mraba 2,700. Ukigawanya unapata wati 3.9 kwa kila sentimita ya mraba. La pili lilikuwa linang'aa kama kioo, kwenye boksi limeandikwa kilowati 18. Nikamwambia asome kwa ndani. Kumbe kilowati 3.5 ni za kichomeo cha pembeni na 4 ni za kile cha nyuma, zinabaki 10.5 zilezile, ila sasa zinapasha wavu wa 85 kwa 45, sentimita 3,825. Hapo unapata wati 2.7 tu. Jiko lenye namba kubwa ndilo lililokuwa dhaifu.

Kipimo kinachotumiwa sana ni BTU 80 hadi 100 kwa kila inchi ya mraba, ambayo kwa hesabu yetu ni wati 3.6 hadi 4.5. Chini ya 3 nasita, isipokuwa mfuniko uwe mzito na unafunga vizuri kiasi cha kufidia. Juu ya 4.5 sioni cha kujivunia. Ni gesi inayopita tu.

Kuhusu gesi yenyewe: kilo 1 ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu kilowati-saa 12.8. Jiko la kilowati 10.5 likiwashwa lote kwa moto wa mwisho litaimaliza kilo hiyo kwa saa 1 na dakika 13 hivi. Hakuna anayepika hivyo muda wote, lakini hesabu hiyo inakusaidia kulinganisha.

Hatua ya 4: Toa wavu, washa tochi

Mwombe muuzaji ruhusa, inua wavu. Akikataa, nenda duka lingine. Hii ndiyo hatua ambayo nikibakiwa na dakika tano tu, naifanya hii na kuacha nyingine zote.

Kwanza utaona mabamba yaliyokunjwa kama paa la nyumba juu ya vichomeo. Kazi yake ni kukinga mafuta yasidondokee moto na kusambaza joto. Majiko ya zamani yaliweka mawe ya lava mahali hapo, na mawe yale yalikuwa yananywa mafuta mpaka siku yanawaka yenyewe. Mabamba haya ndiyo yanayokufa mwanzo kuliko kitu chochote. Libonyeze moja kwa kidole gumba. Likibonyea kama kopo la soda, tegemea kulibadilisha mapema. Angalia pia kama linafunika kichomeo chote au linaacha ncha wazi, maana pale penye uwazi ndipo mafuta yatakapopitia.

Lisogeze, angalia kichomeo. Sehemu kubwa ni mabomba yaliyotobolewa matundu. Napenda matundu yakae ubavuni. Yaliyotazama juu huziba kwa mafuta na makombo. Kagua pale bomba linapoungwa: mchomeleo uwe umekaza mwanzo hadi mwisho, usiwe wa nukta nukta, maana kutu huanzia kwenye zile nafasi.

Sasa toa sumaku. Stenlesi haiko ya aina moja. Ile inayoitwa 304 ina nikeli ya asilimia 8 hivi na inastahimili kutu vizuri. Sumaku haiishiki, au inaishika kidogo tu pale ilipokunjwa. Ile ya 430 haina nikeli ya maana, sumaku inang'ang'ania, na ndiyo hiyo inayoanza kuota madoa ya rangi ya chai baada ya mvua chache. Gusa vichomeo, gusa mabamba, halafu gusa mlango na mfuniko. Mara nyingi nakuta mlango ni wa chuma kizuri na vichomeo ni vya ovyo, yaani fedha yote imepakwa usoni. Uzuri wa mkakasi. Ila usiiamini sumaku kama kiapo: kuna stenlesi ya 201 iliyopunguzwa nikeli na kuongezwa manganizi. Hiyo nayo haishikwi na sumaku na bado hupata kutu haraka kuliko 304. Kwa hiyo sumaku ikikataa kushika, bado uliza namba ya chuma na utafute ilipoandikwa kwenye kitabu cha jiko.

Baada ya hapo mulika tumbo lenyewe. La alumini ya kusubu halishiki kutu kabisa, na ukiligonga kwa kucha linatoa sauti nzito. La bati lililopakwa rangi litaliwa kuanzia chini, pale mafuta na maji ya mvua yanapokutana. Nina jambo moja la kukutahadharisha kuhusu alumini: inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, na mafuta yaliyorundikana yakishika moto yanaweza kuiharibu. Nimewahi kuletewa tumbo lililolegea upande mmoja kama mshumaa. Mwenyewe hakuwa amewahi kumwaga trei ya mafuta tangu anunue.

Ambayo inatuleta kwenye trei. Sakafu ya tumbo iwe na mwinamo unaoonekana kuelekea kwenye tundu, na trei itoke kwa mbele au pembeni kwa mkono mmoja. Ukilazimika kulala chini ili kuitoa, hutaitoa.

Hatua ya 5: Nyanyua wavu mkononi

Wavu mzito ni wavu mzuri, karibu kila mara. Wa chuma cha kusubu unatunza joto na kuchora nyama ile mistari, lakini ukipakwa enameli usiuangushe. Ikipata ufa, maji yanaingia chini yake na kutu inatambaa ndani kwa ndani. Wa stenlesi wenye fito za milimita 8 au zaidi ndio ninaoutumia mwenyewe, hauhitaji kubembelezwa. Wenye waya mwembamba unaopinda ukiushika ncha mbili, uache.

Hatua ya 6: Mfuniko na miguu

Funua na ufunike mara tano. Usiyumbe. Uwazi wa nyuma usikutishe, umewekwa makusudi ili hewa moto itoke na moto upumue. Uwazi wa pembeni ndio ubaya. Kipimajoto cha mfunikoni kinapima hewa ya juu, wala si pale nyama ilipo, kwa hiyo kisiwe sababu ya kuchagua jiko. Kisha shika jiko mabegani ulitikise kama unayemwamsha mtu. Likicheza dukani likiwa jipya, baada ya mwaka litacheza dansi.

Hatua ya 7: Soma kibandiko cha gesi

Majiko mengi yana kibandiko kinachotaja aina ya gesi na msukumo kwa milibari. Hiyo lazima ilingane na regulata yako. Nchi hazilingani: Ujerumani majiko ya gesi ya mtungi hutumia milibari 50, Uingereza propani (aina mojawapo ya gesi ya mtungi) ni 37, kwingine 28 hadi 30. Jiko la 50 likifungwa kwenye regulata ya 30 litawaka kwa unyonge na utadhani ni bovu. La 30 likipewa 50 litatoa moto mkubwa wa hatari. Anayeagiza mtandaoni kutoka nchi nyingine aangalie hili kabla hata ya picha. Na jiko la gesi asilia ya bomba lina nozeli (vidomo vya kutolea gesi) zenye tundu kubwa zaidi. Usilifunge kwenye mtungi kwa kubadilisha mpira tu.

Pima pia kimo cha mtungi unaoutumia. Nimeona mtu amenunua jiko lenye kabati zuri, mtungi wake haukuingia, akaishia kuuweka nje na mpira umejikunja kona kali.

Hatua ya 8: Uliza vipuri kabla ya dhamana

Dhamana ya miaka kumi mara nyingi ni ya tumbo. Vichomeo vinaweza kuwa na mitano, mabamba miwili, na kiwashio hakijatajwa. Soma mstari kwa mstari. Kisha uliza swali moja: "Nikitaka bamba moja na kichomeo kimoja cha jiko hili leo, navipata?" Akikuonyesha namba ya kipuri, andika. Akijibu "haliharibiki", umeshapata jibu lako.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza nyumbani, muda wa kurudisha ukiwa bado upo

Changanya sabuni ya vyombo na maji. Funga koki zote za jiko, fungua mtungi, paka povu kwenye kila maungio: mtungi na regulata, mpira, hadi koki. Mapovu yakikua, funga mtungi, kaza, rudia. Yakiendelea, usiwashe. Na usipime kwa kiberiti hata kama jirani yako hufanya hivyo. Propani ni nzito kuliko hewa, inalala chini ikisubiri.

Jiko likiwaka kwa unyonge siku hiyohiyo, usikimbilie kunipigia. Baadhi ya regulata zina kizuizi kinachobana gesi kikihisi inatoka kwa kasi kama vile mpira umekatika. Funga kila kitu, mtungi na koki, ichomoe regulata kwenye mtungi, subiri dakika moja, irudishe, fungua mtungi taratibu, halafu ndipo uwashe kichomeo. Nimeshaitwa mara nyingi kwa ugonjwa huo, na kila mara naona aibu kuchukua hela.

Mwisho ni jaribio la mkate. Pasha jiko dakika 15 kwa moto wa kati likiwa limefunikwa. Funika wavu wote kwa slesi za mkate wa bei rahisi, ukingo kwa ukingo. Baada ya dakika moja na nusu hivi geuza kila slesi palepale ilipokuwa na upige picha. Utaona ramani: nyuma kushoto nyeusi, mbele nyeupe, katikati kahawia. Pembe moja kuwa kali ni kawaida, na ukishaijua utaitumia kubabulia. Ila upande mzima ukibaki mweupe huku koki zote zimekaa sawa, kichomeo kimoja hakipati gesi: huenda kimekaa vibaya juu ya nozeli, au buibui amejenga ndani ya bomba likiwa bado ghalani. Hilo hutokea kuliko unavyodhani. Toa kichomeo, pitisha brashi nyembamba, kirudishe, rudia mkate. Kama bado ni mweupe, rudisha jiko dukani ukiwa na ile picha na risiti.