Historic au historical? Economic au economical?

Wanangu wa Dom, kabla hujaandika historic jiulize, hili jambo liliacha alama kubwa au ni la zamani tu? Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ni historic, ila risiti ya zabibu ya mwaka huohuo ukiikuta kwenye sanduku la babu ni historical tu, hata kama babu mwenyewe anaificha kama hati ya kiwanja (na bei za viwanja vya huku mnazijua). Economic na economical fasta fasta: bajeti inayosomwa bungeni mwezi wa sita ni ishu ya uchumi, yaani economic, bajaji inayokula mafuta kidogo toka Sabasaba mpaka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ni economical, yaani inabana matumizi. Mtu anayebana hela naye ni economical, usimwite economic.